Namna ya Kugawa na Kulinda Anwani za IP Ndani ya Taasisi

Kompyuta inapounganishwa kwenye mtandao wa ofisi haijui lolote kuhusu mahali ilipo. Haina anwani, haijui lango la kutokea, wala haijui seva ya kuiuliza majina ya tovuti. Kwa hiyo hupaza sauti kwa kila kifaa kilicho katika mtandao huohuo, ikiuliza kama kuna anayeweza kuipatia anwani, na kwa kawaida humkubali anayetangulia kujibu bila kumdai kitambulisho. Hiyo ndiyo kazi ya itifaki ya DHCP, nayo ina hatua nne: kifaa hutafuta, seva hupendekeza anwani, kifaa huiomba rasmi anwani hiyo, kisha seva huthibitisha. Mazungumzo yote hupita kwenye poti ya 67 upande wa seva na poti ya 68 upande wa kifaa, pasipo ufunguo wala saini. Waraka wa RFC 2131 wa Machi 1997, ambao hadi leo ndio msingi wa DHCP ya IPv4, unakiri wenyewe kwamba itifaki hiyo, kwa umbo lake, si salama. Mwaka 2001 ulitoka waraka mwingine, RFC 3118, uliokusudia kuongeza uthibitisho kati ya seva na kifaa, lakini ni nadra sana kuukuta umetumika ofisini.

Kwa sababu hiyo, usalama wa ugawaji wa anwani haupatikani ndani ya DHCP, hujengwa kuizunguka. Mwongozo huu unamlenga fundi au msimamizi wa TEHAMA katika taasisi ya ukubwa wa kati, tuseme yenye wafanyakazi mia mbili, makao makuu na tawi moja au mawili. Lengo lake ni kwamba mtu akikuuliza anwani fulani ilikuwa ya nani saa fulani, uweze kumjibu kwa ushahidi, na uwe na hakika kwamba hakuna aliyeigawa isipokuwa seva yako.

Daftari kwanza

Katika miji yetu ni migogoro michache ya ardhi inayoumiza kama ule wa kiwanja kimoja kumilikishwa watu wawili, na mara nyingi ukichunguza utakuta chanzo chake ni kumbukumbu: palikuwa na madaftari mawili, au lilikuwapo moja ambalo halikuandikwa kwa wakati. Anwani za IP zina tabia hiyohiyo. Fundi huipa printa anwani kwa mkono na hamwambii mtu. Miezi sita baadaye seva huigawa anwani ileile kwa kompyuta ya mhasibu, na vifaa vyote viwili huanza kukatikakatika kwa namna ambayo ni vigumu kuielewa. Kabla ya kugusa swichi yoyote, yaani kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, andaa daftari moja la anwani, lenye kila mtandao mdogo, madhumuni yake, lango lake, fungu linalogawiwa na seva, pamoja na anwani zilizotengwa, kila moja ikiwa na jina la kifaa, anwani yake ya MAC (namba ya kiwandani ya kadi yake ya mtandao), chumba kilipo na mtu anayewajibika nacho.

Programu huria kama NetBox na phpIPAM zimetengenezwa kwa kazi hii. Jedwali la Excel linafaa kwa kuanzia, mradi liwe moja, likae mahali pamoja, na mafundi wasiwe na nakala zao kwenye kompyuta zao. Daftari hili ni siri ya taasisi kama ulivyo mpango wa majengo ya benki, kwa kuwa linamwonyesha mdukuzi kamera ziko wapi, seva ya mishahara ni ipi na swichi zinasimamiwa kupitia mtandao gani. Haki ya kulisoma wapewe wachache, haki ya kuliandika wapewe wachache zaidi, na kila badiliko libaki na jina la aliyelifanya na tarehe.

Mafungu ya anwani za ndani yaliyowekwa na RFC 1918 ya mwaka 1996 ni matatu: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Ushauri wangu ni kuziepuka kabisa 192.168.0.0/24 na 192.168.1.0/24, kwa sababu ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa na mojawapo ya hizo. Ukiziepuka, mfanyakazi anayeingia kwa VPN kutoka nyumbani hatapata mgongano wa anwani. Na, jambo ambalo kwangu lina thamani kubwa zaidi, siku kompyuta ya ofisi itakapoonyesha 192.168.1.37 utajua papo hapo, bila kipimo chochote, kwamba kuna ruta ya nyumbani imechomekwa mahali.

Chukua mfano huu. Makao makuu yapewe 10.20.0.0/16 na tawi lipewe 10.21.0.0/16, kisha namba ya tatu ya anwani ifuate namba ya VLAN, yaani ya mtandao uliotenganishwa ndani ya swichi zilezile. Usimamizi wa swichi ukae VLAN 10, wafanyakazi VLAN 20, simu za mezani VLAN 30, printa VLAN 40, kamera VLAN 50 na wageni VLAN 60. Wafanyakazi mia mbili wenye kompyuta na simu za mkononi hawatoshi katika /24 yenye anwani 254 za kutumika, kwa hiyo wape 10.20.20.0/23 yenye anwani 510. Wageni wape 10.20.60.0/22 yenye 1,022. Katika kila mtandao acha anwani ishirini za mwanzo nje ya fungu la kugawiwa, kwa ajili ya lango na vifaa vya mtandao. Utengano huu si wa mapambo. Kamera ya ukutani ambayo haijasasishwa kwa miaka haipaswi kuwa jirani wa kompyuta ya mhasibu, na mgeni wa Wi-Fi hapaswi kufika popote isipokuwa intaneti. Sheria za faiawali kati ya VLAN ndizo zinazolitekeleza hilo, na sheria hizo huandikika kwa urahisi tu pale anwani zilipopangwa kwa utaratibu.

Seva inayogawa

Taasisi ndogo hutumia ruta yenyewe kugawa anwani, na hakuna ubaya katika hilo. Inapokua, seva maalumu huwa bora kwa sababu ya kumbukumbu zake na uwezo wa kuwa na ya akiba. Ukitumia Linux, fahamu kwamba shirika la ISC, waliotengeneza dhcpd, programu ya kugawa anwani iliyotumika duniani kwa miongo, walitangaza mwaka 2022 kuwa wameacha kuitunza na kuwaelekeza watumiaji kwenye Kea, programu yao mpya. Bado nakutana na dhcpd katika vyumba vya seva, ikifanya kazi vizuri kiasi kwamba hakuna anayeikumbuka, na hilo ndilo tatizo: programu inayopokea pakiti kutoka kwa kila kifaa, hata cha mgeni, ndiyo ya mwisho kustahili kuachwa bila masasisho.

Ukitumia Windows Server, usiweke huduma ya DHCP kwenye seva ileile inayoendesha Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti na kompyuta za taasisi; zitenganishe. Seva ya DHCP ya Windows iliyo katika domeni hulazimika kuidhinishwa kwanza kabla ya kugawa anwani, lakini usidhani kwamba hiyo ni kinga dhidi ya seva za magendo, yaani zinazogawa anwani bila ruhusa yako, kwa kuwa ruta ya dukani haijui wala haijali idhini hiyo. Kuna jambo jingine linalosahaulika sana. Seva ya DHCP mara nyingi huandika majina ya vifaa kwenye DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, kwa niaba yao. Desemba 2023 watafiti wa kampuni ya Akamai walionyesha kwamba mtu aliye ndani ya mtandao, asiye na nenosiri lolote, anaweza kuitumia seva ya Windows ya DHCP kuandika au kubadili rekodi za DNS. Ubane mlango huo kwa kuipa huduma akaunti maalumu ya kuandikia DNS, isiyo na haki nyingine yoyote, au zima kabisa uandikaji huo pale usipohitajika. Kwenye mtandao wa wageni hauhitajiki hata kidogo.

Kwa kuwa VLAN ni nyingi na seva ni moja, swichi kuu hupeleka maombi ya kila VLAN hadi kwenye seva. Kwenye Cisco hilo hufanywa kwa amri ya «ip helper-address» ikifuatiwa na anwani ya seva. Amri hiyo, bila kuguswa zaidi, hupeleka pia aina nyingine za matangazo ya UDP yakiwemo ya TFTP na NetBIOS, kwa hiyo zizuie zile usizozihitaji. Kisha iambie faiawali ya seva ipokee poti ya 67 kutoka kwenye malango ya VLAN hizo na kwenye mitandao inayoihudumia tu, kwa kuwa kifaa kinapoomba kuongezewa muda huzungumza na seva moja kwa moja. Weka seva mbili zinazosaidiana, kwa maana seva moja ikizimika saa za kazi, anwani zitaanza kwisha muda na vifaa vitajipa vyenyewe anwani zinazoanza na 169.254, dalili kwamba viliita na hakuna aliyeitikia. Saa za seva hizo mbili zisipishane hata kwa dakika moja.

Muda wa kukodisha anwani

Anwani ya DHCP hukodishwa. Muda ukifika nusu, kifaa huiomba seva iliyoitoa kukiongezea; kikikosa jibu, muda ukifika asilimia 87.5 huiomba seva yoyote. Windows Server huja na siku 8, muda unaowafaa wafanyakazi wenye kompyuta za mezani. Wageni wape saa moja au mbili. Sababu ni kwamba simu za siku hizi, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, hutumia anwani ya MAC ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, na simu moja ikija na MAC mpya huhesabiwa kama mgeni mpya. Ukumbi wa mikutano ukijaa watu kila siku huku muda wa kukodisha ni siku 8, hata fungu la /22 litakwisha kabla ya wiki haijaisha. Usimtambue mtu kwa MAC peke yake, na usimruhusu wala kumzuia kwa kutegemea hiyo, kwa kuwa kuibadilisha huchukua sekunde chache.

Swichi ndiyo mlinzi wa kweli

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Wakati fulani nilihudumia ofisi ambayo ghorofa yake moja ilikosa intaneti asubuhi nzima. Seva ilikuwa hai, kebo zilikuwa nzima, na nusu ya kompyuta zilifanya kazi huku nusu zikiwa hazifanyi, jambo lililotupotezea saa tatu. Kumbe mtu mwema, aliyetaka kuongeza nguvu ya Wi-Fi katika ukumbi wa mikutano, alileta ruta yake ya nyumbani na kuchomeka kebo ya ofisi kwenye poti ya LAN, ya upande wa ndani, badala ya ile ya WAN, ya upande wa nje. Ruta hiyo, ikiwa karibu na kompyuta kuliko seva, ilitangulia kujibu kila ilipoitwa. Hakukuwa na nia mbaya. Lakini mtu mwenye nia mbaya angefanya jambo lilelile kwa utaratibu zaidi: angegawa anwani sahihi kabisa, zenye lango ambalo ni kompyuta yake na DNS ambayo ni yake, na hakuna ambaye angelalamika kwamba mtandao haufanyi kazi, kwa sababu ungefanya kazi, ukipitia kwake. Tena mnamo Mei 2024 watafiti wa Leviathan Security walieleza shambulio waliloliita TunnelVision, ambamo seva ya DHCP ya magendo hutumia chaguo namba 121, linalopeleka njia za mtandao kwenye kifaa, na kuufanya mwendo wa data uikwepe VPN ilhali mtumiaji anaona VPN imeunganishwa. Anayegawa anwani hugawa na njia.

Dawa yake ni kipengele kilichomo katika swichi nyingi za ofisi, nacho huitwa DHCP snooping. Kazi yake inaeleweka kirahisi. Swichi huzigawa poti zake, yaani matundu ya kuchomekea kebo, katika makundi mawili: zinazoaminika na zisizoaminika. Majibu ya seva ya DHCP huruhusiwa kutoka kwenye poti inayoaminika tu. Yakitokea kwenye poti nyingine yoyote, hutupwa hapohapo. Inayoaminika ni poti ya seva na poti zinazoelekea kwenye swichi kuu, basi. Poti za ukutani, za vyumba vya mikutano, za mapokezi, zote zibaki zisizoaminika.

Kwenye swichi ya Cisco amri za msingi ni «ip dhcp snooping», kisha «ip dhcp snooping vlan 20,30,40,50,60», na kwenye poti inayoelekea kwa seva «ip dhcp snooping trust». Fuata mpangilio huu: weka kwanza poti zinazoaminika katika swichi zote, hakikisha, ndipo uwashe ulinzi kwa VLAN moja, usubiri siku moja au mbili, kisha uendelee na nyingine. Anayegeuza mpangilio huu huikatia ofisi nzima anwani yeye mwenyewe. Mtego mwingine ni chaguo namba 82, ambalo swichi za Cisco huliongeza zenyewe kwenye maombi ili kuonyesha yalipotoka. Baadhi ya ruta na swichi za juu huyatupa maombi yenye chaguo hilo yanapokuwa hayajapitia kwa wakala wa kupeleka maombi. Ikiwa baada ya kuwasha ulinzi vifaa vinakosa anwani ilhali poti zinazoaminika ni sahihi, jaribu «no ip dhcp snooping information option» kwenye swichi za ukingoni kabla ya kutafuta mbali.

Wanaotumia ruta na swichi za MikroTik, ambao ni wengi katika ofisi za kwetu, watakikuta kipengele hicho kwenye daraja, yaani «dhcp-snooping=yes» kwa daraja lenyewe na «trusted=yes» kwa poti ya upande wa seva. Pale ambapo swichi za chini ni za bei nafuu zisizo na uwezo huo, RouterOS, mfumo endeshi wa MikroTik, ina «/ip dhcp-server alert», ambayo haizuii seva ya magendo lakini hukuarifu inapotokea. Ni hatua ndogo, nami huiweka kila mahali. Ipo pia njia nzuri ya kuwabana wanaojipa anwani kwa mkono: iambie seva ya DHCP imwandike kila anayepewa anwani kwenye jedwali la ARP, yaani orodha inayooanisha anwani za IP na MAC, kwa «add-arp=yes», kisha ifanye violesura vya LAN kuwa «arp=reply-only»; asiyepewa anwani na seva hatapata majibu kutoka kwa ruta.

Shambulio la pili ni la kumaliza fungu. Programu moja kwenye kompyuta moja huomba anwani mamia ya mara kwa MAC za kubuni hadi seva iishiwe, na mara nyingi hufuatwa na seva ya magendo inayojitokeza kuwahudumia waliokosa. Wengi hudhani kuweka ukomo wa MAC kwenye poti kunatosha. Ukomo huo ni wa lazima, na MAC mbili au tatu kwa poti zinatosha simu ya mezani na kompyuta iliyo nyuma yake, lakini mshambuliaji anaweza kutumia MAC moja kwenye bahasha ya nje ya pakiti huku akibadili ile iliyoandikwa ndani ya ombi la DHCP. Ukaguzi wa kulinganisha MAC hizo mbili ndio unaomkamata, nao kwenye Cisco huwashwa pamoja na ulinzi wenyewe; usiuzime. Ongeza kikomo cha pakiti kumi hadi kumi na tano za DHCP kwa sekunde kwenye poti ya mtumiaji mmoja. Poti yenye akses pointi ipe kikomo kikubwa zaidi, kwa maana asubuhi watu hamsini wakiingia kwa pamoja swichi itaifunga poti hiyo ikidhani imevamiwa.

Swichi inayopekua mazungumzo hayo huandika jedwali la nani amepewa anwani gani kwenye poti ipi, na jedwali hilo ni hazina. Ukaguzi wa ARP huitumia kuzuia kompyuta inayojidai kuwa lango, na ulinzi wa chanzo cha IP huitumia kuzuia kifaa kinachotumia anwani ambayo hakikupewa. Hata hivyo, jedwali hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika na swichi kuwaka upya, jedwali ni tupu, ilhali kompyuta bado zinaamini anwani zao ni halali. Ukaguzi wa ARP utazikataa zote hadi ziombe upya. Kwa hiyo iambie swichi ihifadhi jedwali hilo kwenye flashi au kwenye seva nyingine, na iunganishe na NTP, huduma ya kusawazisha saa, ili saa yake iwe sahihi. Katika miji ambayo umeme hukatika mara kwa mara, hatua hii haistahili kuachwa kwa baadaye.

Ukaguzi huohuo wa ARP ndio unaonifanya nishauri vifaa visivyohama, kama printa na kamera, visiwekewe anwani kwa mkono. Viache viombe DHCP, kisha kwenye seva uvitengee anwani maalumu kwa MAC zao. Vitapata anwani ileile kila siku, vitakuwamo katika jedwali la swichi, na daftari litapatana na hali halisi. Anwani za mkono zibaki kwa ruta, swichi na seva zenyewe.

Taasisi yenye uwezo iongeze 802.1X, ambayo humtaka mtu au kifaa kujitambulisha kabla ya poti kufunguka. Hapo DHCP haifikiwi kabisa na asiyejulikana. Ni kazi ya miezi kadhaa, yenye vyeti vya kidijitali na seva ya RADIUS inayohakiki utambulisho, na haiondoi haja ya hatua zilizotangulia. Poti zisizotumika, kwa upande mwingine, zinaweza kuzimwa leo jioni.

Usiache IPv6 bila mwenyewe

Mafundi wengi husema kuhusu toleo jipya la anwani za IP, «Sisi hatutumii IPv6.» Kompyuta zao hazijui hivyo. Windows, tangu Vista, huja na IPv6 ikiwa imewashwa, na huita mara kwa mara ikitafuta wa kuipa mipangilio. Katika ofisi isiyo na IPv6 wa kwanza kuitikia atakuwa mvamizi, ambaye hujitangaza kuwa seva ya DNS na kupokea maswali ambayo yangekwenda kwa seva yako. Zana ya kufanya hivyo, mitm6, imekuwa hadharani tangu 2018. Kuzima IPv6 kwenye kila kompyuta ni njia ambayo Microsoft wenyewe hawaipendekezi. Ni bora kuzuia kwenye swichi: washa RA Guard, iliyoelezwa katika RFC 6105 ya mwaka 2011, ili matangazo ya ruta yasitoke kwenye poti za watumiaji, pamoja na ulinzi wa DHCPv6 unaozuia majibu ya seva kutoka kwenye poti hizohizo. Kisha anza kupanga IPv6 yako mwenyewe. Tangu Januari 2020, AFRINIC, shirika linalogawa anwani kwa Afrika, liko katika hatua ya mwisho ya IPv4, ambapo anayeomba hapati zaidi ya /22, yaani anwani 1,024. Siku ya kuhamia haiko mbali kama tunavyopenda kudhani.

Kumbukumbu

Polisi au mtoa huduma wa intaneti akikuandikia kwamba kompyuta ya ofisi yako ilishambulia seva fulani Jumanne saa nane na robo mchana, jibu lako lote linategemea mstari mmoja wa kumbukumbu. Seva ya DHCP ya Windows huandika mafaili yenye majina ya siku za wiki, na faili la Jumatatu hii hufuta la Jumatatu iliyopita. Asiyeyanakili ana historia ya siku saba tu. Yapeleke kila siku kwenye seva tofauti ya kumbukumbu ambayo msimamizi wa DHCP hana haki ya kufuta. Katika mafaili hayo namba 10 ni anwani mpya iliyokodishwa, 11 ni iliyoongezewa muda, 13 ni anwani iliyokutwa tayari ikitumika na kifaa kingine, na 14 ni ombi lililokosa anwani kwa kuwa fungu limekwisha. Weka tahadhari kwa 13 na 14. Ya kwanza inaonyesha mtu aliyejipa anwani, ya pili inaweza kuwa shambulio au mkutano mkubwa, na yote mawili yanafaa kujulikana mapema. Ruta inayotafsiri anwani za ndani kwenda za nje nayo itunze kumbukumbu zake, la sivyo mnyororo unakatikia hapo.

Kumbukumbu hizi zikiunganishwa na majina ya watu ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Amua kwa maandishi zitunzwe kwa muda gani, nani azisome na kwa sababu ipi, kisha zifutwe muda ukifika. Kumbukumbu za mtandao si za kumfuatilia mfanyakazi alikuwa akisoma nini wakati wa chakula cha mchana.

Ukaguzi na jaribio

Mara moja kwa mwezi linganisha vitu vitatu: daftari, orodha ya anwani zilizokodishwa kwenye seva, na jedwali la ARP la swichi kuu. Kifaa kilichomo kwenye ARP lakini hakimo kwenye seva wala kwenye daftari kimejipa anwani. Tafuta MAC yake kwenye swichi, ujue poti, ufuate kebo hadi chumbani na uongee na aliyeko huko kabla ya kukata. Mfanyakazi anapoondoka, kifaa chake kifutwe kwenye anwani zilizotengwa siku ileile inapofungwa akaunti yake.

Jaribio lifanywe kwa mkono. Omba kibali cha maandishi kwa mkuu wa kitengo, chagua saa yenye watu wachache, chukua ruta ya nyumbani na uichomeke kwa poti ya LAN katika ukumbi wa mikutano. Kwenye kompyuta ya jirani toa amri ya «ipconfig /release» na «ipconfig /renew», kisha kwa «ipconfig /all» soma anwani pamoja na anwani ya seva iliyoitoa. Ukiona anwani inayoanza na 10.20.20 au 10.20.21, na seva yako, angalia pia kama swichi imehesabu majibu iliyoyatupa na kama taarifa imefika kwako. Andika tarehe na matokeo ndani ya daftari. Rudia jaribio hili kila swichi mpya inapofungwa, kwa maana nimewahi kukuta swichi mbadala, iliyofungwa usiku kwa haraka baada ya ile ya zamani kuungua, ikiwa imefanya kazi miezi minne bila mstari hata mmoja wa ulinzi huu.